Ukiamua Kujisomesha: Mwongozo kwa Mtu Mzima Anayejilipia Ada

Mwongozo huu ni wako wewe ambaye tayari unapata riziki yako, lakini ukiulizwa cheti unanyamaza. Huenda uliishia darasa la saba. Huenda ulifika kidato cha nne ukapata sifuri, au uliacha kidato cha pili kwa sababu mzazi aliugua, fedha zilikosekana, au ulipata ujauzito. Leo una genge, unaendesha bodaboda, unafanya kazi za ndani, au unashika spana kwenye gereji ya mtu. Umeanza kujiuliza kama inafaa kurudi kusoma, na fedha zitatoka wapi, maana wa kukulipia hayupo.

Inafaa, na inawezekana hapa hapa Tanzania, kwa sharti moja: usilipie ndoto nzima kwa mkupuo. Lipia hatua moja ambayo, hata maisha yakikukatisha hapo, itakuachia cheti chenye kazi. Ukimaliza hiyo, ndipo uifikirie inayofuata. Wengi wanaoanza kujisomesha wakashindwa si kwamba hawana akili. Walichagua safari ya miaka mitano wakiwa na fedha ya miezi mitano.

Elimu rasmi inakupa nini ambacho ujuzi peke yake haukupi

Chukua mfano wa fundi umeme wa mtaani. Amejifunza kwa kaka yake, anafunga nyaya vizuri, na majirani wanamwamini. Lakini kufunga umeme kwenye majengo ni kazi inayohitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na leseni hutolewa kwa mwenye cheti cha mafunzo. Asiye na cheti anabaki kufanya kazi chini ya jina la mwenye leseni. Mikono ni yake, sahihi ni ya mwingine, na sehemu kubwa ya malipo inakwenda kwa mwenye sahihi. Hali ni hiyo hiyo kwa anayesaidia zahanati bila kusajiliwa, na kwa anayefundisha watoto wa awali bila astashahada. Ujuzi unakupa kazi. Cheti kinakupa haki ya kuifanya kwa jina lako.

Kuna pia faida isiyoandikwa kwenye cheti. Darasani unasahihishwa na mtu asiyekuogopa wala kukuonea haya. Unajifunza kusoma mkataba wa pango mpaka mstari wa mwisho, kukokotoa riba kabla ya kutia saini, na kuandika barua ya malalamiko ambayo ofisi haiwezi kuitupa. Mfanyabiashara aliyesoma hesabu za biashara haachi kupata hasara, lakini anajua imetokea wapi.

Elimu haikuhakikishii ajira, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu. Wapo wenye shahada wasio na kazi. Ndiyo maana swali la kwanza liwe hili: cheti hiki kitabadilisha nini katika kazi ninayoifanya sasa, au ninayoweza kuifikia kwa miguu yangu? Ukilijibu kwa sentensi moja iliyonyooka, umeshapata kozi yako.

Usilipie kisicholipiwa

Kabla ya kufungua pochi, angalia kama serikali imeshalipa. Ada ya shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na katika mwaka wa fedha 2022/23 ikaondolewa pia ya kidato cha tano na cha sita. Kama una mdogo wako au mtoto wa umri wa shule, fedha unayotaka kumpeleka nayo shule binafsi huenda ingekutosha wewe kusoma, naye akasoma shule ya kata kwa daftari, sare na tuisheni ya somo moja.

Msichana aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi tangu Novemba 2021. Kama ni wewe, nenda kwa mkuu wa shule au ofisi ya elimu ya kata mapema, maana kadiri muda unavyopita ndivyo nafasi inavyozidi kuwa ngumu. Ikiwa umri umeshakupita, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, inafundisha sekondari kwa njia mbadala na ina ofisi mikoani. Uliza huko kama kuna nafasi za wasichana zinazogharamiwa.

Vipo pia vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden. Humo watu wazima husoma ufundi, kilimo, ushonaji na mapishi kwa gharama ndogo, na viko mpaka wilaya ambazo hazina chuo kingine. Watu wengi hupita mbele ya mageti yake kila siku bila kujua kuwa wanaruhusiwa kuingia.

Jua ngazi, kisha chagua pa kuingilia

Mfumo wetu una milango zaidi ya mmoja. Tafuta hali yako katika orodha hii.

*Uliishia darasa la saba.* Mlango wako ni mtihani wa maarifa, ambao wengi wanauita QT. Unapima masomo ya kidato cha kwanza na cha pili. Ukifaulu, unaruhusiwa kusajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Yote miwili husimamiwa na Baraza la Mitihani, NECTA, na hufanyika Novemba. Ada ya usajili imekuwa shilingi 30,000 kwa QT na 50,000 kwa kidato cha nne, na huongezeka ukichelewa. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo Desemba iwe mwezi wako wa kuulizia kituo. Namba yako itaanza na P badala ya S, lakini alama ni zile zile na zina thamani ile ile.

*Una kidato cha nne chenye alama pungufu.* Usikimbilie kurisiti masomo yote. Kuingia astashahada katika vyuo vingi vya kati kunahitaji ufaulu wa D nne zisizo za masomo ya dini. Mwenye D mbili anahitaji nyingine mbili tu, ingawa kozi za afya na uhandisi hutaja masomo mahsusi. Kama nia yako ni kidato cha sita kwa kujitegemea, hesabu inabadilika: unahitaji angalau C tatu. Anza na kozi unayoitaka, soma sifa zake, kisha rudi nyuma ujue ni somo lipi la kurudia.

*Una ujuzi wa mikono lakini huna cheti.* Nenda chuo cha VETA kilicho karibu, uulize kuhusu urasimishaji wa ujuzi. Ni utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini, kumjazia pale alipopungua, na kumpa cheti bila kumrudisha mwanzo. Seremala, mwashi, mpishi na fundi magari wamepitia njia hii. Ukitaka kuanza upya, ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA vya serikali kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kuna simu ya mkononi inayouzwa kwa bei hiyo hiyo.

*Una stashahada na unataka shahada.* Mwenye stashahada ya wastani wa 3.0 na kuendelea anaweza kuomba shahada bila kupita kidato cha sita, mradi fani ziwe zinaendana. Kama huwezi kuacha kazi, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa namna yako. Kina vituo mikoani, na mwanafunzi anaweza kuchukua masomo machache kwa mwaka kulingana na muda na mfuko wake. Aliye Sumbawanga hana haja ya kuhamia Dar es Salaam ili awe msomi.

Ona kwamba kila hatua hapa ina cheti chake. Ukiishia kidato cha nne, unacho. Ukiishia astashahada, unayo. Huo ndio uzuri wa njia ya vipande kuliko ya mkupuo.

Piga hesabu yote, si ada peke yake

Ada ndiyo hutangazwa, lakini siyo inayowaangusha watu. Wanaangushwa na nauli ya Februari. Chukua karatasi, uombe chuo kikupe mchanganuo wa malipo ulioandikwa, kisha uongeze vyote ambavyo chuo hakikuandika.

Tuseme unasoma astashahada ya kutwa jijini, na ada ni shilingi 900,000 kwa mwaka. Michango ya usajili, mitihani, kitambulisho, serikali ya wanafunzi na bima ya afya, ambayo kwa mwanafunzi imekuwa 50,400, ikifika 200,000, hapo una 1,100,000. Nauli ya 1,200 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 34, ni 204,000. Chakula cha mchana cha 2,000 kwa siku hizo hizo ni 340,000. Bando na kutoa nakala kwa 20,000 kwa mwezi, miezi kumi, ni 200,000. Jumla ni 1,844,000. Ada uliyoiogopa ni chini ya nusu ya gharama halisi.

Gawanya jumla hiyo kwa miezi 12, unapata kama 154,000 kwa mwezi. Igawanye kwa siku za mwaka, ni kidogo zaidi ya 5,000 kwa siku. Sasa linganisha na kipato chako kwa ukweli. Ongeza na kile utakachokosa: bodaboda anayeingia darasani saa kumi na moja jioni anawaacha abiria wa saa ambazo barabara hulipa zaidi. Kama hesabu haikubali, usifute masomo. Badilisha kozi, chuo au kasi. Mwenye 2,000 kwa siku hawezi chuo hicho mwaka huu, lakini anaweza QT, masomo mawili ya kurisiti, au VETA.

Fedha ya masomo iwe na makao yake

Fedha iliyo kwenye simu moja na ya matumizi itatumika. Itafutie mahali ambapo kuitoa kuna usumbufu: akaunti ya pekee, SACCOS ya kazini, au kikundi cha VICOBA chenye kumbukumbu safi. Ukiwa kwenye mchezo wa kupeana, omba zamu yako iangukie Septemba au Februari, kwa sababu vyuo vingi hufungua muhula wa kwanza kati ya Oktoba na Novemba na wa pili karibu na Machi. Kupokea Juni ni kujiwekea mtihani usio wa lazima.

Fuata kanuni hii: usiripoti chuo kabla hujawa na fedha yote ya muhula wa kwanza na nusu ya wa pili. Wanaoanza kwa kudunduliza huzuiwa mitihani wakiwa wameshasoma, na hapo wamepoteza fedha pamoja na muda. Vyuo vingi huruhusu kulipa kwa awamu. Omba utaratibu huo kwa barua mwanzoni, si wiki ya mitihani.

Waambie ndugu. Mtu mwenye kipato, hata kidogo, katika ukoo ndiye benki ya ukoo. Ukinyamaza, kila ombi litakukuta na fedha na utaonekana bahili. Ukisema wazi kwa baba, shangazi na wadogo zako kwamba kwa miaka miwili unajisomesha, na kwamba kwenye misiba na ugonjwa utachangia kiasi fulani usichozidisha, wengi wataelewa. Baadhi hata watakuchangia.

Kuhusu mikopo

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kukopa kwake si aibu. Kama una sifa, omba. Ila jua sharti lake: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Kwa mshahara wa 700,000 hiyo ni 105,000 kila mwezi. Anayeweza kulipa sehemu ya ada mwenyewe na kukopa kidogo atamaliza mapema. Kwa hiyo bumu, yaani fedha ya mkopo, lisiwe fedha ya viatu. Kila shilingi yake ina siku ya kurudi.

Mikopo ya kausha damu ikatae kabisa. Mkopo huo unadai marejesho kuanzia wiki ya kwanza, na masomo hayarudishi chochote mpaka miaka ipite. Vitu hivyo viwili haviwezi kukaa nyumba moja. Usiweke rehani shamba wala kiwanja cha familia kwa ajili ya muhula mmoja. Kama hakuna njia nyingine, ahirisha mwaka. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha, na mwaka mmoja wa kukusanya fedha si kushindwa.

Hakiki chuo kabla ya kukipa fedha yako

Anayejilipia ana haki ya kuuliza maswali. Vyuo vikuu husimamiwa na TCU, na vyuo vya kati na ufundi husimamiwa na NACTVET. Kila moja hutoa mwongozo wa udahili wa mwaka unaotaja vyuo na kozi zinazoruhusiwa, na unasomeka bure mtandaoni. Hakiki mambo matatu: chuo kimesajiliwa, kozi yako yenyewe imeidhinishwa, na tawi unalosomea limo. Chuo halali kinaweza kufundisha kozi isiyo na ithibati, na cheti chake kikakataliwa siku ya usaili.

Usilipe ada kwa namba ya simu ya mtu, hata akijiita mhasibu. Taasisi za serikali hukupa kumbukumbu namba ya malipo, na vyuo binafsi vina akaunti ya benki yenye jina la chuo. Tunza kila stakabadhi mpaka siku ya mahafali.

Sawazisha majina yako mapema. Kama kitambulisho cha NIDA kinasema Juma Ally, cheti cha kuzaliwa Jumaa Ali, na cha darasa la saba jina la babu, rekebisha kwa kiapo kabla ya kusajiliwa mtihani. Jina likishachapwa kwenye cheti, kulibadilisha ni safari ndefu.

Ukiwa mtumishi wa umma, omba ruhusa kwa maandishi na uhakikishe masomo yako yameingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Aliyesoma bila barua anaweza kurudi na cheti ambacho ofisi haina nafasi ya kukitambua kwenye ikama yake.

Kiingereza, muda na nyumba

Kikwazo kikubwa cha mtu mzima anayerudi sekondari ni lugha kuliko hesabu. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, lakini kuanzia kidato cha kwanza masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, na mitihani pia. Mtu anaijua mada ya maji na udongo tangu utotoni, lakini swali linamshinda kwa sababu hakuelewa kitenzi kimoja. Kabla ya kujiandikisha, tenga miezi mitatu ya Kiingereza peke yake: sarufi ya kidato cha kwanza, kamusi, na maneno ya maagizo ya mtihani yanayokutaka ueleze, ulinganishe, utaje au uthibitishe. Kisha tafuta mitihani iliyopita ya NECTA, uifanye kwa saa kama siku ya mtihani, na umwombe mwalimu akusahihishe.

Tenga saa isiyogombewa. Kwa mama lishe ni baada ya vyombo vya mchana. Kwa mlinzi wa usiku ni asubuhi kabla ya kulala. Saa moja kila siku inazaa kuliko saa saba za Jumapili, kwa sababu mtu mzima husahau haraka asiporudia. Tafuta wenzako wawili au watatu wa darasa moja. Gharama ya kitabu mnagawana, na siku ukikata tamaa kuna atakayekupigia simu.

Kama una mwenza, kubalianeni mapema nani atakaa na watoto siku za masomo na nani atalipa nini. Mwanamke anayesoma huku akibeba nyumba nzima peke yake hachoki kwa masomo. Anachoshwa na nyumba. Mume anayempikia mkewe wakati wa mitihani amelipa sehemu ya ada. Kama unafanya kazi za ndani, ongea na mwajiri wako kabla hajasikia kwa wengine: mwonyeshe ratiba, mwambie siku utakazoomba ruhusa, na umwahidi kazi ipi itakuwa imekamilika kabla hujatoka.

Anza wiki hii

Usisubiri Januari. Wiki hii fanya mambo manne. Andika kwa sentensi moja cheti unachokitaka na kazi kitakayokufanyia. Nenda mwenyewe kwenye chuo au kituo kimoja, uombe mchanganuo wa malipo na sifa za kujiunga. Kokotoa gharama ya hatua moja tu, kwa siku. Weka akiba ya siku ya kwanza, hata ikiwa 1,000, mahali utakapoendelea kuiweka.

Anayelipiwa huweza kukaa darasani miaka mitatu bila kujua kwa nini yupo. Wewe utajua, maana kila kipindi umekilipia kwa abiria uliowabeba au kwa maandazi uliyoyauza. Mwulize mwalimu mpaka uelewe, dai notsi zako, dai matokeo yako. Na ukishapata cheti cha hatua ya kwanza, kitumie kazini kabla hujalipia cha pili, ili nyongeza ya kipato itakayotokana nacho ndiyo ikulipie ada ya hatua inayofuata.